Mayai Ndani ya Kuku

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri.
Dmytro, kutoka kwenye visima vya mafuta,
sauti imejaa baridi na usingizi:
wameongeza zamu. Wiki moja. Labda mbili.
Ziwa halikimbii, alisema.
Nami nilikuwa nimeshapakia maboya,
nimechemsha mayai kumi na manne,
nimelipa nusu ya kibanda, nusu isiyorudishwa.

Nikakaa jikoni na koti la mvua mwilini
bila mvua.

Mama mkwe akatoka chumbani na soksi zisizofanana,
akafunua sufuria, akahesabu kwa kidole.
"Na haya yataliwa na nani?"

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi:
wasemao hivyo hawajamwambia mtoto wa miaka sita
kwamba baba haji.
Bohdan hakulia. Aliivua miwani yake ya kuogelea,
akaifuta, akaivaa tena.
"Basi twende kwa Kuku."

Kila mtu hapa anamjua Kuku.
Tumempita mara mia, tukienda kwa daktari wa meno,
tukienda mazishini,
tukisema siku moja, siku moja.
Ghorofa tatu za saruji kando ya barabara kuu,
undu mwekundu, na bango linalodai
hana mkubwa mwenzake nyanda hizi zote,
ingawa sijasikia aliyejitokeza kushindana.

Kilomita tisini.
Kanola ya manjano kulia, kanola ya manjano kushoto,
hadi macho yakaomba rangi nyingine.
Bibi Paraska akasinzia mdomo wazi.
Bohdan akahesabu maghala ya nafaka,
akafika ishirini na sita,
akakosana na hesabu, akaanza upya.

Mzee Thiessen alitupokea na brashi mkononi.
Tiketi dola nne; aliyevaa miwani ya kuogelea, bure,
kanuni aliyoitunga papo hapo.
Jicho la kushoto, akatueleza,
lilipasuliwa na mvua ya mawe mwaka aliofiwa na mkewe.
Akaweka kioo cha taa ya lori.
Ndiyo maana Kuku anaonekana kama aliyesikia jambo
na haamini.

Mlango uko, tusemeje, upande wa nyuma.
Bibi akasita, akapiga ishara ya msalaba,
kisha akacheka mpaka akashika ukuta.
Ngazi arobaini na moja. Harufu ya rangi na njiwa.
Tukafika kifuani, penye benchi,
tukafungua sufuria,
na hapo tu ndipo ilipotujia
kwamba tunakula mayai ndani ya kuku.

"Miaka sabini nimelisha kuku," akasema Bibi,
"leo mmoja amenikaribisha ndani."
Chumvi tulisahau.
Bohdan alikula manne.

Kisha akapanda peke yake hadi kichwani,
akabandika uso kwenye kioo cha lori.
"Naiona barabara yote! Mpaka kwa baba!"
Nikapanda kumshusha,
nikainama nione anachokiona.
Kioo kile hukunja kila kitu:
barabara imejipinda kama ganda,
na gari dogo jeupe linakuja, linakuja,
rangi ile ile, tundu lile lile la taa iliyokufa,
nikajikuta nimeishika pumzi
hadi lilipotupita.

"Sio yeye," akasema Bohdan, kwa upole,
kana kwamba mimi ndiye mwenye miaka sita.

Usiku nikamtumia Dmytro picha:
mama yake, mlangoni, upande ule wa nyuma,
ngumi juu kama mshindi wa ndondi.
Hakujibu. Nikaosha sufuria.
Nikaondoa maboya garini, moja moja,
yale yote, hata lililotoboka.

Saa saba na nusu simu ikamulika:
*mmeniachia?*

Nikafungua jokofu gizani,
nikahesabu kwa kidole.
Mayai matatu. Moja lina ufa.